Mtu wa Chuma Aliyevaa Viatu vya Kamba

Wiki iliyopita mjukuu wangu anayeishi Misugusugu alinikalisha mbele ya televisheni tutazame filamu ya roboti lenye akili kama za mtu. Akaniambia nisiogope. Ndugu yangu, sikuogopa, nilisinzia. Nikajikuta nalikumbuka roboti langu la kwanza, la enzi za Mwingereza, lile lililokaribia kuvunja posa ya dada yangu.

Siku hizo dada alikuwa mwali. Kwetu Msimbu, binti akivunja ungo aliwekwa ndani, asionwe na mtu wala sauti yake isisikike nje, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma. Dada alishamaliza miezi saba katika chumba cha uani, ngozi imetakata kwa kukosa jua, anazungumza kwa kunong'ona. Mchumba alikuwa tayari. Mwali akionekana nje kabla ya siku yake, aibu ilimwangukia bibi, aliyetulea, na upande wa mchumba ulikuwa na haki ya kujiondokea.

Kisha likaja gari la sinema. Kwa kawaida walionyesha usiku, lakini safari hiyo walitaka kuwahi Mlandizi kabla ya mvua, kwa hiyo wakaingia darasa la shule ya kijiji alasiri, madirisha wakayaziba kwa mikeka. Kijiji kizima kikaenda kumwona mtu wa chuma aliyetangazwa. Mimi niliachwa nyumbani nimenye mihogo na kumchunga mwali.

"Watu wote watamzungumza huyo mtu wa chuma," dada alinong'ona. "Mimi nitamwona lini?"

Nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda kupita kiasi. Nikamfunika kaniki ya bibi gubigubi, tukapita katikati ya mashamba ya mihogo, kila jani likitikisika nasimama. Darasani kulikuwa na giza na joto, kunanuka jasho na mafuta ya nazi. Tukajibanza ukutani, karibu na mlango. Mbele kabisa nikamwona bibi, na aliyekaa naye bega kwa bega alikuwa mama wa mchumba. Nikataka turudi. Dada akanibana mkono, hataki.

Mfasiri wa sinema alikuwa akitutisha kwa kipaza sauti: mtu huyu ana akili yake mwenyewe, amemwasi aliyemtengeneza, hana huruma. Watoto wakaanza kulia. Laiti angetisha kweli, tungesalimika. Lakini jitu lilipotokea lilikuwa mtu aliyefungwa mabati. Magotini suruali inaonekana, na chini limevaa viatu vya kamba. Likataka kupita mlangoni limuue bwana wake, likakwama. Likarudi nyuma, likajaribu tena, likakwama.

Dada akacheka.

Kilikuwa kicheko cha miezi saba, kinaanzia tumboni na kumalizikia puani, na kijiji kizima kilikijua. Mama wa mchumba akaanza kugeuza shingo, polepole, kututafuta gizani. Mkojo ukanitoka, sioni haya kusema.

Hapo bibi, ambaye sikuwahi kumsikia akicheka mbele za watu, akaangua kicheko kilekile, tumbo mpaka pua. Akamshika mwenzake goti. "Nisamehe, mwenzangu. Jinga gani hili limeshindwa na mlango?" Akacheka tena, kwa nguvu zaidi, mpaka darasa zima likamfuata na pasijulikane kicheko kipi ni cha nani. Sisi tukachomoka.

Bibi aliporudi alitukuta tunamenya mihogo. Aliketi, akaivuta kaniki yake, akaanza kubandua vishonanguo vya shambani vilivyonasa kwenye pindo, kimoja kimoja. Alipomaliza akasema, "Mwali hacheki." Kisha akaenda kusonga bada, ugali wa mihogo. Tulikula kwa kisamvu, na posa ikabaki.

Chumba kile cha uani kimebomoka. Mabinti hawawekwi tena ndani namna ile, na hilo silisikitikii. Bibi na dada nimewazika wote wawili. Kinachoniuma ni kicheko chao, maana mimi sikukirithi.

Filamu ilipoisha mjukuu aliniuliza, "Bibi, umeionaje?" Kwa vipande nilivyoviona, roboti lile halikukwama popote. Nikataka nimsikilizishe jinsi sisi tulivyoliona la kwetu. Nikajaribu kile kicheko, kuanzia tumboni. Kikatoka kikohozi, naye akainuka kwenda kuniletea maji.