Ng'ombe wa Nyuma

Juzi mjukuu wangu alichora kundi la ng'ombe, wa nyuma akawafanya wadogo kama mbuzi. Nilitaka kumkosoa, nikamkumbuka baba.

Nilipokuwa mtoto, Mjerumani aliyekuwa akipima njia ya reli upande wa Mkonze alikuwa amepiga picha ng'ombe wetu malishoni. Alasiri moja akatuletea picha hiyo, yeye na mkalimani wake. Nyumbani kulinuka samadi na maziwa yaliyoganda. Baba aliitazama ile picha, akakunja uso.

“Mwambie bwana wako,” alimwambia mkalimani, “hawa wa nyuma amenipunguzia. Nani atapokea mahari ya ng'ombe kama hawa?”

Niliingiwa na hofu. Niliamini jioni watarudi zizini wakiwa vile vile, wakinifikia magotini.

Mjerumani hakucheka. Alitoa kisanduku cha mbao chenye vioo viwili, akachomeka humo picha mbili za kundi lile lile, zikiwa sambamba. Baba alichungulia. Kisha akanipa mimi.

Jamani! Kati ya ng'ombe na ng'ombe palikuwa na nafasi ya mtu kupita. Nilinyoosha mkono nimshike pembe yule wa mbele, nikashika hewa. Wale wa nyuma hawakuwa wadogo hata kidogo. Walikuwa mbali tu.

Leo najua kila jicho lilipewa picha yake, zikitofautiana kidogo, akili ikaziunganisha. Siku ile sikujua, wala baba hakujua.

Alikichukua tena kile kisanduku, akachungulia, akapiga mluzi wake wa kuwaita waliochelewa nyuma. Nami nilisimama pale nikisubiri kusikia kwato zao.