Vidonge vya Machozi

Kyela ni nchi ya maji. Mvua hunyesha mpaka vyura wenyewe wanachoka kushangilia, kuta zinaota ukungu, na nguo ulizoanika asubuhi unazianua jioni zikiwa na unyevu uleule. Humo ndimo macho yangu yalimokauka. Nikiwaeleza watu wananicheka, na mimi sipendi kuchekwa, kwa hiyo kwa miaka mingi sikumweleza mtu.

Nilifika huko nikitokea Pangani, mwanamke aliyeachika, asiye na mtoto, karani wa kupiga chapa serikalini. Niliomba uhamisho mwenyewe. Bosi akaniuliza nataka kwenda wapi, nikamwambia mbali. Akanipa mbali yenyewe. Wenzangu wa ofisini walikuwa watu wema, lakini saa ya kutoka ilipofika kila mmoja alipanda baiskeli yake akaenda kwa watu wake, Kinyakyusa kikianza tangu getini. Mimi nilirudi mtaa wa Mbugani kwenye chumba changu cha kupanga, nikapika wali wa mtu mmoja. Mchele wa Kyela ukiwa jikoni unanukia mtaa mzima, na sijui kitu kinachotia upweke kama chakula kitamu kisicho na wa kukisifia.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara imefunguliwa. Maduka ambayo zamani yalikuwa na rafu tupu na muuza duka mwenye kiburi sasa yalifurika sabuni za rangi, redio, biskuti na vikombe vya maua, vingine vikivushwa kutoka ng'ambo ya mto Songwe, mpakani. Ofisini nako ikaingia kompyuta moja. Ikafunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi, na mimi nikakabidhiwa kuihudumia. Nilikaa mbele ya kile kioo kutwa nzima, na kabla mwaka haujaisha macho yakawa kama yametiwa mchanga. Asubuhi kope zilinatana hata nikawa nazifungua kwa vidole. Mchana yaliwaka, jioni yaliwasha, na kila niliposoma ilinibidi nisimame nusu ya ukurasa nipumzike.

Daktari wa macho, aliyekuwa akija mara mojamoja, aliniangalia kwa taa yake akasema sina machozi ya kutosha. Akaniandikia dawa ya matone, akaniambia nipepese macho mara kwa mara nikiwa kazini. Nikatoka nikiwaza, mke niliyeachwa kwa talaka ya ghafla, kumbe hata machozi nayo yameniacha.

Mwenye nyumba wangu alikuwa mama mzee wa Kinyakyusa, mjane, aliyeuza mchele na usipa wakavu, wale dagaa wa ziwani, barazani kwake. Kila asubuhi kabla sijatoka alinisalimu kupitia mlangoni, "Ugonile!" na asingeondoka mpaka nimeitikia, maana alitaka kujua kama mimi bado ni mzima. Aliniita mwanangu. Nikimuudhi aliniita Mswahili. Wanawe wawili wa kiume walivuka kwenda Zambia kwenye migodi, na binti yake alimfuata mume huko huko kusini, wakapotea kama walivyopotea watoto wa wengi. Hakuwalaumu. Alisema tu kwamba njia ya kwenda ni fupi kuliko ya kurudi.

Kisha mdogo wake akafariki huko Ngonga. Tulikodi baiskeli za abiria, yeye ya kwake na mimi ya kwangu, tukapita katikati ya mashamba ya mpunga. Tulipofika mahali paa la nyumba ya msiba linapoonekana, mama alishuka. Akavua viatu, akaweka mikono kichwani, akaachia sauti ambayo sikujua kama imo katika kifua kile chembamba. Kule nyumbani wanawake wakaitikia, wakaja kumpokea njiani, na kila kundi jipya lilipowasili, wale waliokwisha kunyamaza walianza upya. Ndivyo walivyo. Hawamwachi mtu alie peke yake.

Mimi nilimfuata nyuma, kimya, na macho yangu kama kokoto. Bibi yangu Pangani alitulea kwa sheria moja ya msiba: machozi ruhusa, sauti marufuku, kwa kuwa kelele zinamsumbua maiti. Sasa sauti nilikatazwa, na machozi sikuwa nayo. Nikakaa kwenye mkeka katikati ya vilio nikiwa nimejitanda kanga, nikitazama mbele. Niliona wanawake wawili wakinitazama, halafu wakitazamana. Nilijua wanasema nini, Kinyakyusa au si Kinyakyusa.

Tuliporudi, siku alipoanza tena kuuza usipa wake, mama aliniita barazani.

"Mwanangu, watu wamesema."

"Wamesema nini?"

"Wamesema mpangaji wako mkavu wa macho. Ndugu yako amelala pale, yeye anatazama migomba."

Hasira zilinipanda. Nikamweleza habari ya daktari, matone, kompyuta, kila kitu. Alinisikiliza akichambua usipa, mchanga kushoto, samaki kulia. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani:

"Na mimi nikifa, utanililia?"

Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama niliona kwamba hatanii. Watoto wake hawapo. Mdogo wake ndiye huyo kazikwa. Nikamwambia nitamlilia. Akanishukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo," akaendelea na samaki wake. Lakini mimi sikulala vizuri tena, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kitu ambacho sina.

Hapo ndipo nilipoingia kwenye vidonge. Alikuja mjini bwana mmoja wa tai na begi gumu, akakodi ukumbi wa nyumba ya wageni akatuita tukasikilize habari za virutubisho. Alirudia sana kwamba si dawa, ni chakula, halafu akataja magonjwa yanayotibiwa na hicho chakula, kuanzia mgongo mpaka ndoa. Kwa kawaida mimi watu wa namna hiyo nawachamba. Lakini alipoinua chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki, vya manjano vinavyopenya mwanga, akasema vinarudisha unyevu wa macho, nilitoa pochi. Nilinunua. Nikanunua na vile vingine vya vitamini, vikubwa kama punje za mahindi.

Mama alikichukua kidonge kimoja akakipasua kwa wembe, akakinusa.

"Samaki!"

"Ndiyo, mama. Mafuta yake."

"Gwe! Unakaa na mimi, ziwa lile pale, nauza samaki kutwa, halafu unaenda kumnunua samaki aliyefungwa kwenye nailoni?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kuanzia siku hiyo hakunisema tena, ila kila jioni alinitengea sahani ya usipa wa kukaanga pamoja na vichwa vyake, nami nilivitafuna nikimeza na kidonge juu yake, ili asiwepo wa kulalamika. Tukawa tunakula pamoja. Yeye alikuja na samaki, mimi nikapika wali, na wali ukapata wa kuusifia. Sikumwambia mtu, lakini nilikuwa nangoja jioni kuliko nilivyongoja mshahara.

Kila mara aliniuliza, "Yamekuja?" Namjibu bado. Siku moja akaja na vitunguu na kisu, akaniketisha mbele yake kwenye kigoda, akaanza kukatakata chini ya pua yangu. Macho yakaniuma kama pilipili, nikayakodoa kwa makusudi, hola. Machozi yote yalimtoka yeye. Yalimchuruzika mpaka kidevuni, akiyafuta kwa kiwiko na kucheka, na mimi nikamtazama nikamwonea wivu. Nakumbuka siku hiyo alisema kitu, huku bado anafuta pua.

"Haya, macho ni yako. Lakini mtu akifa kimya, jirani atajuaje?"

Niliona ni maneno ya wazee, nikayaacha yapite. Mimi nilishakata shauri kwamba tatizo ni maji.

Sitaki kuwaongopea watu kuhusu vidonge vile. Baada ya kuvimeza kwa muda mrefu, kope ziliacha kunatana asubuhi. Mchanga ulipungua. Niliweza kumaliza ukurasa. Sijui kama ni vya kwenye chupa au ni vichwa vya usipa, au ni kule kupepesa macho alikonifundisha daktari, au pengine ni kuwa na mtu wa kula naye. Daktari mwenyewe nilipomuuliza alisema mafuta hayo huwasaidia wengine na wengine hayawasaidii, nisiache matone. Lakini machozi ya kutoka, ya kuonekana na watu, hayakuja.

Kisha ikaja zamu yetu ya kupunguzwa kazi. Walisoma majina, langu likiwemo. Kompyuta ilibaki, mimi nikaondoka. Mama alinisindikiza stendi alfajiri, basi la Mbeya likiwa limeshawasha injini, na mkononi ana mfuko wa mchele na usipa. Nilimwambia ahadi yangu iko palepale. Akasema anajua. Akaniambia nisisahau kumeza, akageuka akaenda zake kabla basi halijaondoka, wala hakugeuka tena. Nilipakata mfuko wa samaki mpaka Mbeya, abiria wa pembeni akilalamika harufu, na kwa mara ya kwanza maishani sikumjibu mtu.

Pangani niliishi kwa mdogo wangu, nikishona mashuka na kumeza vidonge. Vilianza kupatikana hata Tanga mjini. Nilivimeza kila siku kama mtu anayeweka akiba. Habari zikafika kupitia simu ya dukani: mwenzangu wa ofisini alipiga, akaacha ujumbe kwamba mama amefariki na ameshazikwa. Nikafunga safari. Nilipita Dar es Salaam, nikalala Mbeya, na basi liliposhuka milima ya Tukuyu nikaanza kuyapepesa macho yangu kama mtu anayechochea moto. Hakuna kitu.

Nyumba ilikuwa imefungwa kufuli. Baraza lilikuwa tupu, limefagiliwa, na mahali pa gunia la mchele palikuwa na alama ya mviringo kwenye sakafu. Kaburi lilikuwa nyuma, kwenye migomba, na mvua ilikuwa imeshaanza kulibomoa kingo. Mwenzangu wa ofisini, aliyekuja kunipokea stendi, alinieleza ilivyokuwa. Alifariki katikati ya masika. Barabara ya Ngonga ilijaa maji, ndugu hawakufika. Zambia hawakupatikana. Wanawake wachache wa kanisani walikuja na miavuli wakalia, lakini mvua ilipiga bati hata nyumba ya pili hawakusikia, na wengine mtaani walijua amekufa walipoona baraza halina mtu. Akaniambia hivyo, akaniacha nikae peke yangu na marehemu.

Nikasimama. Nilisikia moyo wangu wote ukikatika, nasema kweli, na macho makavu. Yaliniwaka tu. Nilimwonea uchungu na nilijionea uchungu, mwanamke mzima aliyetoka pwani kuja kulia na hana machozi ya kulilia. Samaki wote wale, nikawaza. Chupa zote zile. Halafu nikakumbuka kisu, na vitunguu, na yeye akifuta pua. Jirani atajuaje?

Nikaweka mkoba chini. Nikavua viatu. Nikaweka mikono kichwani, nikamwomba radhi bibi yangu kimoyomoyo, nikafungua kinywa. Sauti ya kwanza ilikuwa nyembamba na mbaya, ya mtu anayeona haya. Ya pili ilitoka chini kabisa, hata mimi iliniogofya. Nilimwita mama. Nilimwita kwa mchele wake, kwa usipa wake, kwa "ugonile" yake ya mlangoni, kwa watoto aliowangoja. Nilipiga kelele pale mchana kweupe, mimi ambaye sikupiga kelele hata siku niliyopewa talaka.

Wa kwanza kutokea alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mikono yake ina unga. Alidhani kumetokea msiba mpya. Aliponiona nimesimama kwenye lile kaburi aliweka mikono kichwani na yeye akaanza. Akaja mwingine na mtoto mgongoni. Wakaja wa upande wa barabara, wakaja wauza ndizi, wakaruka mfereji wakaingia migombani, na kila mmoja aliyefika aliwaamsha waliotangulia, mpaka ule ua wote ukawa sauti tupu. Hapakuwa na mvua. Nadhani walisikia mpaka sokoni.

Nikakaa chini kwenye majani. Mmoja wa wale wanawake akakaa pembeni yangu. Nilimfahamu. Alikuwa mmoja wa wale wawili wa Ngonga, waliotazamana. Akachukua upindo wa kanga yake, akanishika kidevu, akanifuta jicho moja na la pili. Alikuta pakavu. Nilimwona akitambua. Akakunja upindo ule vizuri, akaendelea kunifuta.