Banda la Bibi Carol

Nyasi kavu hunuka kama majani ya chai yaliyosahauliwa juani, na hadi leo harufu hiyo ikinifikia, mimi hugeuza njia. Niliijua nikiwa na miaka kumi, mwanzoni mwa muongo uliopita, katika banda la mbao la Bibi Carol, shambani nje ya mji wa Shakopee, Marekani. Tulikuwa tumetoka kambi ya wakimbizi majira ya baridi yaliyotangulia. Bibi Carol na mumewe, waumini wa kanisa lililotupokea, walitutafutia nyumba jijini Saint Paul, wakatuletea makoti na vitanda, na kila Jumamosi ya kiangazi wakaja kutuchukua ili sisi watoto tupate hewa. Mle bandani mwanga ulipenya kwenye nyufa za mbao, vumbi likielea kama unga unaochekechwa. Tulipanda ngazi hadi darini, tukaruka kwenye rundo la nyasi, zikatuchoma shingoni, tukapiga chafya, tukapanda tena. Dada yangu Furaha, mwenye miaka kumi na tatu, ndiye aliyekuwa jasiri. Ndiye pia aliyewasuka nywele nusu ya wasichana wa kanisa letu la Wakongo, vidole vikienda mbio kuliko maneno yake. "Ruka, wewe kuku wa kizungu!" alinitania niliposita ukingoni. "Kazi yako kula tu!" Nikaruka. Kisha akaruka yeye, kinyumenyume, kwa mbwembwe, akalikosa rundo.

Mlio ulikuwa mdogo, kama kuni nyembamba inapovunjwa gotini. Hakulia. Aliuficha mkono ndani ya sweta, tukapanda gari, Bibi Carol akatupa biskuti na kuuliza kama tumefurahi. Tukasema sana. Nyumbani Mama aliuona uvimbe, akataka twende hospitali. Baba akasimama mlangoni. "Daktari atauliza ameangukia wapi," alisema. "Tuwataje waliotupa vitanda? Washtakiwe kwa ajili yetu?"

"Mtoto anaumia, Baba Furaha."

"Asante ya punda ni mateke. Sisi si punda."

Basi Mama akaukanda mkono kwa maji ya moto na chumvi, akaufunga kwa kitenge na kipande cha boksi, kama walivyofanya kambini, Furaha aking'ata mto. Jumapili iliyofuata Baba alinisukuma mbele ya kanisa lile la wenyeji waliotupokea nitoe ushuhuda, kwa kuwa Kiingereza changu kilikuwa bora kuliko cha wote nyumbani. Nikasema lile banda ndilo jambo jema kuliko yote tuliyopewa Marekani. Watu wakapiga makofi. Furaha alikaa safu ya pili, koti mwilini katika joto lile.

Mkono uliunga ukiwa umepinda, vidole viwili vikafa ganzi, na kusuka kukaisha. Leo dada yangu anainua maboksi katika ghala kubwa huko huko Shakopee, na baridi ikikaribia mfupa humwambia kabla ya redio. Mimi chuoni nimefundishwa kuuliza kwa nini, nami nimeanza na methali zetu. Ile ya punda haisemi alikuwa amebebeshwa nini. Wala haisemi nani aliitunga, ila nashuku hakuwa punda.

Kiangazi kilichopita mwanafunzi mwenzangu alifanyia harusi yake katika banda lile lile. Siku hizi hukodishwa: marobota machache ya nyasi yamebakizwa ili wageni wapigie picha, na ngazi ya darini imefungwa mnyororo. Bibi Carol, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, alinitambua, akanipakulia chakula. Nikamweleza habari ya mkono bila kupunguza kitu. Akaketi juu ya robota, akalia. "Kwa nini hamkuniambia? Ningempeleka hospitali saa ile ile." Nilikuwa nimejiandaa miaka yote kukutana na adui, nikamkuta bikizee anayetafuta kitambaa mkobani. Labda ni rahisi kusema hivyo sasa. Labda ni kweli, na hilo ni baya zaidi.

Niliporudi nyumbani Furaha alikuwa ametoka zamu, bado na fulana ya kazi, anamenya viazi polepole. Baba alikuwa mezani. Nikayarudia maneno ya Bibi Carol yote. Kisu cha Furaha kikasimama.

Baba akasogeza kikombe chake. "Ni mama mwema," akasema. "Ulimshukuru kwa chakula?"

Nilikuwa nimemshukuru. Mara mbili.