Uji wa Nyumba Mbili

Nakumbuka alasiri moja pale Bondeni, mjini Nakuru, mume wangu aliponishika mkono akaniomba nimuue. Neno hilo hakulitumia. Alisema tu, "Zena, nipe dawa yote iliyobaki kwenye chupa, nilale moja kwa moja." Utadhani niliogopa, mwanangu, au nililia. Mimi nilifurahi. Nilifurahi kwa sababu alikuwa ameniomba mimi, hakumwomba mke mwenzangu.

Usinihukumu bado. Kaa nikueleze.

Athmani, mume wangu, alikuwa mfanyabiashara wa mahindi. Aliyanunua Rongai akayauza Nakuru, na huku na huku alikuwa na nyumba. Nyumba ya mjini ilikuwa ya Bi Mwanaisha, mke wake wa ujana. Ya Rongai ilikuwa yangu. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa msichana tu, binti wa mchinjaji, na Bi Mwanaisha alikuwa na watoto waliokwisha kuoa na kuolewa. Watu wa kwao walitoka Mombasa, na akifungua mdomo ungedhani anasoma kitabu. Mimi nikiongea Kiswahili changu cha Rongai, yeye aliinamisha kichwa na kutabasamu kidogo. Tabasamu lile nililichukia kuliko tusi.

Athmani mwenyewe alikuwa mwadilifu kupita kiasi. Mwenzangu akinunuliwa leso, nami nilinunuliwa. Zamu hakuivunja hata mvua ilipoifanya barabara yote matope na lori kukwama njiani. Ungesema mwanamke anataka nini zaidi? Lakini mwenye wivu hataki sawa, mwanangu, anataka kuzidishiwa. Kila alipoondoka kwangu nilikaa nikiwaza anakula nini kule, anacheka nini, na kama anacheka zaidi.

Kisha akaugua tumbo. Mwanzoni alificha, lakini mficha maradhi kilio humfichua. Daktari alimpasua, akaona aliyoyaona, akamshona tena. Akatuambia hakuna la kufanya, tumpeleke nyumbani tumtunze mpaka Mungu atakapomchukua. Nchi nayo ilikuwa katika Hali ya Hatari, askari wanasimamisha lori njiani na watu wanaulizwa vipande vyao vya kitambulisho. Kumsafirisha mgonjwa huku na huku kwa ajili ya zamu zetu kusingewezekana.

Basi akatuita sote wawili. Kwa desturi yetu Waislamu, mume wa wake wawili hajichagulii tu nyumba ya kuugulia, huwaomba wake zake ruhusa. Akaomba augulie mjini, karibu na hospitali. Bi Mwanaisha akanitazama. Nikasema, "Nimekuruhusu, bwana wangu." Mdomo ulisema hivyo. Moyo ulisema, hata kufa amechagua kufia kwa huyu.

Sikubaki Rongai, ng'o. Nilifunga nguo zangu nikahamia kwa mke mwenzangu, nikalala chumba cha uani. Wazee walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, na nadhani hata majike hawakai.

Bi Mwanaisha alimpikia uji wa mchele kwa tui la nazi, kama kwao. Mimi nikampikia uji wa wimbi, ule aliokuwa akiusifia Rongai. Kila mmoja aliingia chumbani na bakuli lake. Athmani alikunywa vijiko vya huyu, akapumzika, akanywa vya yule vilevile, asizidishe wala asipunguze. Nami nilisimama mlangoni nikihesabu alivyokunywa vya mwenzangu. Baadaye akitapika, kila mmoja wetu alijua bila shaka ni uji wa yule mwingine uliomdhuru.

Dresa, yule msaidizi wa daktari hospitalini, alikuwa ametupa chupa ya dawa ya maumivu. Kijiko asubuhi, kijiko jioni, akatuonya kwamba akizidishiwa atalala asiamke. Asubuhi alimnywesha Bi Mwanaisha, jioni mimi. Ufunguo wa kabati ulikaa kwenye pindo la leso yake, na kila jioni ilinibidi niuombe. Kuomba kule kulinichoma.

Alasiri ile Bi Mwanaisha alikwenda kumpa pole jirani aliyefiwa, akaniachia ufunguo. Ndipo Athmani akaniomba lile aliloniomba. Kisha akaongeza, "Bi Mkubwa asijue." Maneno hayo matatu yalinilevya.

Nilijiambia nina huruma naye. Na huruma ilikuwepo, sitasema uongo. Nilikuwa nimemsikia akiuma mto ili asipige kelele. Waliokuja kutuhubiria subira walirudi makwao wakalala, na kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini chini ya ile huruma kulikuwa na jingine. Niliona kwamba sasa nitakuwa na siri na mume wangu ambayo yule mwanamke hataipata mpaka anaingia kaburini. Miaka yote nilitaka kuzidishiwa, na hapa nilikuwa nimezidishiwa.

Nilifungua kabati, nikaimimina dawa yote kwenye kikombe. Nilikuwa bado nimesimama hapo Bi Mwanaisha aliporudi.

Aliona chupa tupu, akaona kikombe, akaelewa. Hakupiga kelele. Aliufunga mlango wa chumba cha mgonjwa, akaja akasimama mbele yangu.

"Amekuomba?"

"Ameniomba mimi," nikasema. Nililikaza lile neno mimi.

"Aliniomba mimi kwanza, mdogo wangu. Nikamkatalia."

Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika mtoto, lakini sijui kama kuna neno lililowahi kunikata hivyo. Hata kifo chake nilikuwa nimepewa baada ya mwenzangu kukikataa. Nilitaka kumrushia kile kikombe usoni. Yeye akaendelea kwa sauti ya chini, safari hii bila lile tabasamu lake.

"Nikuulize, Zena. Lau angetuita sote wawili akatuomba kwa pamoja, mimi nikiwa nimekaa pale, ungeimimina hiyo dawa?"

Nilikitazama kikombe, nikakiweka juu ya kabati.

"Basi hiyo unayompa si dawa," akasema. "Ni wivu wako unataka kumnywesha."

Nililia kwa hasira. Akanishika bega, nikalivuta. Ndipo aliposema neno ambalo sikulitarajia kwa mwanamke yule. "Nami si malaika. Nilipomkatalia nilimwambia ni dhambi, na ni dhambi. Lakini moyoni nilisema pia, nikimpa asubuhi, atakata roho jioni kwenye zamu ya Zena, mikononi mwake. Kwa hiyo usidhani mimi nilikataa kwa usafi wa moyo."

Tuliingia chumbani pamoja. Tulikaa kitandani, yeye upande wake, mimi wangu. Bi Mwanaisha akamuuliza, "Bwana, unataka kufa, au kuna kitu unataka kiishe?"

Athmani alimtazama yeye, akanitazama mimi. Kisha akasema, "Uji."

Tukatazamana.

"Tumbo hili halipokei uji wa nyumba moja," akasema, "nami nanywa wa nyumba mbili. Nikiacha wa mmoja wenu, naona mnavyokatana kwa macho. Nimechoka kuwagawia. Nikifa, mtagawana nini tena?"

"Na maumivu?" nikamuuliza.

"Maumivu yapo, Zena. Lakini maumivu hayaninunii."

Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo niliijua tangu utoto, na siku zote nilidhani mimi ni fahali anayeonewa. Sikuwahi kuzitazama nyasi. Nilirudisha dawa chupani, nyingine ikamwagika sakafuni, na Bi Mwanaisha akaifuta kwa leso yake bila kunilaumu.

Kesho yake tulikwenda wawili hospitali, kwa mara ya kwanza tukitembea pamoja barabarani, watu wakitukodolea macho. Tulimweleza dresa kwamba vijiko viwili havimtoshi. Akamuuliza daktari, daktari akasema aongezewe kidogo, tena apewe kila maumivu yanapompanda, asisubiri jioni. Kumbe ilikuwa ni kuuliza tu! Hatukuwa tumeuliza kwa sababu kila mmoja wetu alitaka yeye mwenyewe ndiye awe dawa. Na uji tuliuacha. Alipotaka maji alipewa maji, na aliyekuwa karibu ndiye aliyempa.

Sitakudanganya kwamba mateso yaliisha. Alilala vizuri zaidi, alizungumza, hata alitutania kwamba tumepatana baada ya yeye kwisha. Lakini kuna siku aliomba tena kufa, na siku hiyo hakukuwa na uji wa kusingizia. Tulimshika mikono, mmoja kulia na mmoja kushoto, tukalia naye. Hatukumpa. Kama tulimtendea wema au tulimzidishia adhabu, Mungu ndiye ajuaye. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na ya kitanda kile aliijua Athmani peke yake.

Alikufa asubuhi moja ya mvua, kichwa chake kikiwa mapajani mwa Bi Mwanaisha. Mimi nilikuwa uani nikifua shuka zake. Niliitwa nikakimbia na povu mikononi, nikamkuta amekwisha kwenda. Ndiyo, niliona wivu. Bi Mwanaisha mwenyewe nimemzika zamani, nikamlilia kuliko nilivyomlilia dada yangu wa tumbo moja, na bado ninapokueleza hapa naona wivu juu ya yale mapaja yake. Meno yamekwisha kung'oka, wivu umebaki.

Siku hizi nawasikia vijana mkibishana redioni kama mgonjwa asiyepona asaidiwe kufa. Mmoja anasema ni haki yake, mwingine anasema ni dhambi, na wote mna sauti kubwa. Mimi nashika la dini yangu, roho si yetu ya kuitoa. Lakini simtukani mtu aliyekaa na mgonjwa wake akamwonea huruma mpaka akatamani kumpa. Nimesimama na kikombe mkononi, najua uzito wake.

Ninachokuusia mimi ni hiki, mwanangu. Mgonjwa wako akikuomba kifo, usimkemee wala usimkubalie. Kaa chini umuulize ni nini kinachomuuma, na ukimuuliza, usiogope kusikia jina lako. Muulize daktari tena, hata kama alishakujibu. Usikubali siri chumbani mwa mgonjwa, waite wote wanaompenda, hata yule usiyeweza kumtazama usoni. Na kabla hujasema ndiyo, na kabla hujasema la, jiulize unamtakia nani. Maana unaweza kumuua mtu kwa wivu ukauita huruma, na unaweza kumwacha ateseke kwa wivu uleule ukauita imani.

Mungu akupe afya ndefu na mwisho mwepesi. Akupe watu wa kukugombania maisha yako yote, na siku utakapolala kitanda kile, awape akili ya kugombania nje ya mlango.