Anayewaimbia Maharusi wa Wenzake

Saa sita na nusu mchana, katika ukumbi wa harusi mjini Daejeon, Korea Kusini, Maeng Ho-yeon anashika kipaza sauti kwa mikono miwili na kuanza kuimba polepole, kama mtu anayemnong'oneza mgonjwa. Piano inamfuata kwa mbali. Wimbo unasema: umechoka, egemea hapa, sitauliza kitu.

Ubeti wa pili, bibi harusi analia.

Shangazi wa bwana harusi, Mal-sun (si jina lake halisi), anaacha kujipepea. "Bibi harusi halii kwa mtu asiyemjua," anamwambia mumewe.

Ho-yeon, mwenye miaka 33, siku za kazi hubadilisha vichujio vya maji majumbani. Jumamosi huimba harusini, won laki mbili kwa wimbo, na sharti kuu la kazi hiyo ni kujifanya rafiki wa bwana harusi. Bwana harusi wa leo, ambaye jina lake tunalihifadhi kwa usalama wa ndoa yake, amewaambia ndugu kwamba yeye na Ho-yeon walikuwa wote jeshini.

"Marafiki anao," Ho-yeon anamtetea. "Ila wakiimba, mbwa wa mtaa mzima wanaitikia."

Uchunguzi wa shangazi unafanyika ukumbi wa chini, mbele ya supu ya mbavu.

"Kijana, jeshini mlikuwa wapi?"

"Majini, shangazi."

"Ala! Mwenzako alikuwa mpishi milimani. Hata mtumbwi hajapanda!"

Ho-yeon akikiri amekodiwa, bwana harusi ataaibika mbele ya ukoo. Akikaa kimya, bibi harusi ataanza ndoa na doa asilolitia.

"Sema. Wewe na huyu msichana mlikuwa pamoja lini?"

"Hata kumsalimia sijawahi."

"Mtu haimbiwi vile bure!"

"Si bure," Ho-yeon anaropoka. "Ni laki mbili."

"Mwongo. Sauti ile hainunuliki."

Ho-yeon anavuta kiti, anainama, na kumwimbia shangazi ubeti uleule, kwa sauti ya kumfikia yeye peke yake. Shangazi anaitazama supu yake hadi inapoa.

"Magoti yananiuma tangu mwaka juzi," anasema hatimaye. "Nimehisi kama kijana huyu anajua." Anageukia meza. "Mkwe wetu hana kosa. Na hili la kukodiwa liishie hapa."

Mumewe ameacha kutafuna kitambo. "Mama Kyung-ah," anauliza, "huyu mmejuana lini?"

"Kula, mzee."

Akivaa koti, Ho-yeon anakiri kwamba kesi ngumu zaidi iko nyumbani. Mchumba wake, Seol-ah, hataki kabisa kuimbiwa naye. Anasema sauti ile ni ya kila mtu. Harusi yao ni majira ya kuchipua.

"Sitaimba. Nitashika tu mkono wake," anasema. "Nitakodi mwimbaji mwingine, na usaili nitaufanya mwenyewe. Lazima awe na mke, na mke wake akae meza ya mbele."