Kesi ya Mguu wa Patroni

Mama mukubwa alipokuja kutoka Pweto kutibiwa macho, nilikuwa muuzaji katika duka la vipuri vya magari hapa Lubumbashi. Mama mukubwa ni dada mkubwa wa mama yangu. Marehemu mume wake alikuwa mshauri wa chifu, na katika ndoa yao yote yeye alikaa nyuma ya kiti cha mume wake akisikiliza kesi za mashamba, za nyavu, na za wake waliokimbilia kwao. Alishuka kwenye lori na gunia la samaki wakavu, na tabia ya kuwauliza watu wanaogombana, hata asiowajua, nani alianza.

Patroni wangu, mwenye duka, alikuwa Mhindi aliyezaliwa mbali na kuzeekea mjini kwetu. Aliongea Kiswahili cha hapa vizuri kuliko mke wangu, ambaye alikuja kutoka Kasai akiwa mtu mzima. Jumamosi moja alituambia sisi wafanyakazi tuje kesho yake uwanjani pamoja na familia zetu. Timu inatoka Zambia, inapitia Mokambo, na chakula kipo.

"Mechi ya nini, patron?"

"Kriketi."

Tukaitikia kwa vichwa kama watu wanaojua.

Alikuwa amekwisha kunieleza mara nyingi, akiwa amekaa juu ya betri ya lori, kwamba huko kwao timu ya taifa ikicheza na nchi jirani hata wezi wanapumzika, na kwamba duniani ni sisi wachache tu tuliobaki gizani. Niliamini. Wabelgiji walituachia baiskeli na futiboli, Waingereza wakawaachia wenzetu wa ng'ambo ya mpaka kriketi na chai ya maziwa. Ukivuka mpaka pale Mokambo unakuta bukari, yaani ugali, ule ule na samaki yule yule, ila watu wanajua kitu ambacho wewe hujui.

Uwanja ulikuwa nyuma ya tanuri za matofali. Katikati walikuwa wametandika mkeka mrefu wa kijani, na upande mmoja kilisimama kichuguu kirefu kuliko mtu, ambacho hakuna aliyeweza kukibomoa. Walikuwa wamekubaliana kwamba mpira ukigonga kichuguu mpigaji anapata pointi mbili. Wachezaji wote walivaa nyeupe, suruali ndefu kabisa, kwenye lile vumbi jekundu. Mama mukubwa, jicho moja likiwa bado limefunikwa bandeji, aliwatazama kwa jicho la pili, akajiweka sawa kwenye kiti cha plastiki.

"Ni misa?"

"Hapana, mama. Ni mchezo."

"Mchezo gani bantu banasimama tu?"

Kweli walisimama. Mmoja alikimbia, akarusha mpira, mwingine akauzuia kwa gongo bapa, kisha wote wakasimama tena na kufikiri. Mara ghafla wale Wazambia wote wakaruka, wakamgeukia mzee mmoja mwenye koti jeupe, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele kama waliovamiwa na nyuki. Mzee akatikisa kichwa. Wakatulia mara moja, wakarudi kwenye nafasi zao bila kinyongo.

Mama mukubwa akanishika mkono. Uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Mbona hukuniambia? Iko kesi!"

Nikamwambia si kesi. Akanionyesha kwa kidole: wale ndio washitaki, yule mwenye gongo ndiye mshitakiwa, yule mwenye koti ndiye hakimu, na sisi hapa ni raia tuliokuja kusikiliza. Nilijaribu kutafuta kosa katika maelezo yake nikashindwa. Yalieleweka kuliko yale niliyopewa na patroni kwa mwaka mzima.

Tukaendelea kutazama, yeye akinitafsiria mimi. Ikafika zamu ya patroni wangu. Aliingia na gongo lake, amejifunga magodoro miguuni, tumbo mbele, akashangiliwa na duka zima. Mpira wa kwanza aliuzuia. Wa pili ukampiga mguuni. Wazambia wakaruka, wakapiga ile kelele yao, na mzee mwenye koti akanyanyua kidole kimoja juu, polepole, bila neno.

Patroni akainamisha kichwa, akaanza kutoka.

"Anaenda wapi?" mama mukubwa akauliza.

"Wamemtoa. Alizuia mpira kwa mguu. Ule mpira ungegonga vile vijiti vitatu nyuma yake."

"Uligonga?"

"Haukugonga. Ungegonga."

Akavitazama vile vijiti vilivyosimama.

"Kwa hiyo banamufukuza juu ya kitu hakikufanyika."

"Ndiyo, mama."

"Na hawakumuuliza hata neno."

"Hapana."

"Na huyu njo muntu anakupa chakula, na wewe umekaa."

Nilipogeuka kumjibu, kiti chake kilikuwa kitupu. Alikuwa amekwisha kuingia uwanjani, kitenge kimefungwa barabara, anatembea moja kwa moja juu ya mkeka wa kijani ambao tulikatazwa hata kuusogelea. Nilimfuata mbio. Mchezo ulisimama. Patroni naye, ambaye tangu mwanzo alikuwa anatoka kwa mwendo wa mtu anayetumaini kuitwa, alisimama kabla ya mstari wa mwisho.

Mzee mwenye koti alikuwa mganga wa meno kutoka ng'ambo, hakujua Kiswahili wala Kifaransa. Mama mukubwa alimwambia kwamba kwao Pweto hata mwizi wa nyavu anasikilizwa kwanza. Nilianza kutafsiri kwa Kiingereza changu cha vipuri, ambacho kina maneno mengi ya breki na machache ya haki. Ndipo kapteni wa Wazambia, kijana mrefu mwenye kofia pana, akasogea na kusema kwa Kibemba, "Mayo, kuna nini?"

Mayo ni mama. Na Kibemba ndicho mama mukubwa alichouzia samaki maisha yake yote, pande zote mbili za ziwa la kwao Pweto. Alimgeukia kijana yule kama aliyemtafuta tangu asubuhi. Wakaongea kwa muda. Kijana akavua kofia. Kisha akapiga goti moja, jinsi mtoto anavyomwitikia mkubwa, na suruali yake nyeupe ikapata duara jekundu.

Alipoinuka alimwambia mzee kitu kwa Kiingereza. Mzee alifikiri, akatazama patroni yuko wapi, akakubali. Baadaye nilielezwa kwamba sheria ipo: kapteni anaweza kuondoa mashitaka yake ikiwa aliyetolewa hajatoka uwanjani. Siku ile tuliona tu patroni anaitwa, anarudi anakimbia, na duka zima linaimba.

Mama mukubwa akarudi kitini. Mpira uliofuata ulipita kando ya gongo la patroni na kuviangusha vijiti vyote vitatu.

"Hiyo nimeona," alisema mama mukubwa. "Aende."

Wakati wa chai ndipo mambo yaliniharibikia kabisa. Kapteni alikuja na sahani ya sambusa kumshukuru, nami sikujua anashukuru nini. Mama mukubwa akamuuliza mama yake ni wa ukoo gani. Kijana akataja. Mama mukubwa akaweka sambusa chini. Ulikuwa ukoo wa marehemu mume wake. Kwa hesabu zao, ambazo walizifanya mbele yangu kwa kutaja wafu wengi, yule kijana alikuwa mtoto wake, na mimi nikawa ndugu yake mkubwa. Akanyanyua kiti chake cha plastiki, akahamia upande wa Wazambia.

Timu yao ilipoanza kupiga, alipiga vigelegele kwa kila pointi. Mpira ulipogonga kichuguu alisimama na kucheza. Mara mbili patroni wangu na wenzake walipiga kelele wakimlilia mzee anyanyue kidole, na mara zote mbili sauti iliyosikika kuliko zote ilitoka upande wa wageni, kwa Kiswahili: "Muongo!" Mzee hakunyanyua. Wazambia wakashinda, wakambeba mama mukubwa pamoja na kiti chake mpaka kwenye basi lao, na ilibidi niombe nirudishiwe mama yangu.

Jumatatu patroni hakuitikia salamu yangu. Alipanga mikanda ya injini asubuhi nzima, kazi ambayo ni yangu. Mchana akaniita.

"Ule mama yako, anarudi Pweto lini?"

"Wiki hii, patron. Jicho limekaribia kupona."

"Muzuri. Apate safari njema." Akapanga mkanda mwingine. "Ba Zambia banapiga simu. Banasema mechi ya pili wanakuja kama mama yao iko. Bila yeye hawakuji."

Jioni nilimweleza mama mukubwa, aliyekuwa anafunga mizigo. Akafungua fundo alilokuwa amekwisha kulifunga. Kisha akasema atabaki, lakini patroni ajue mapema kwamba safari hii asitegemee huruma, kwa sababu ule mguu, akiufikiria vizuri, ulikuwa na kosa.