Kidevu cha Baba

Mimi hujinyoa polepole, na sipendi kuharakishwa. Asubuhi, kabla malori hayajaanza kupigiana honi kwenye foleni ya kwenda mpakani hapa Tororo, nachemsha maji, naloweka brashi, nazungusha sabuni kwenye kikombe cha bati mpaka povu liwe zito kama uji. Mshipi wa ngozi naufunga kwenye nondo ya dirisha, nanolea wembe wa kukunja. Wembe huo niliupata Busia, upande wa Kenya, chini ya rundo la mikanda ya mitumba. Muuzaji mwenyewe hakujua ni kitu gani. Nina pia kinyoleo cha chuma, kile cha kufungua juu na kutia kiwembe kipya, kwa siku ambazo mkono haujatulia.

Wenzangu katika duka ninalofanyia kazi hunitania, wanauliza kama najinyoa au nasali. Wao hunyolewa kwa mashine ya umeme huku wakitazama mpira, kisha wiki nzima wanajikuna vipele shingoni. Ukiwa na wembe wazi kooni huwezi kufikiria bei ya mchele wala nani alikuudhi jana, na kwa mtu mwenye hasira za karibu kama mimi, hayo ni mapumziko makubwa.

Uraibu huu niliurithi kwa baba. Alikuwa askari katika kambi ya Rubongi, na alipostaafu akaja kulima kijijini Kwapa, ukaguzi wa asubuhi hakuuacha. Aliegemeza kioo kwenye dirisha la jikoni na kujinyoa kila siku, hata kama anakwenda kupalilia mihogo tu. Sikumbuki kuuona uso wake ukiwa na ndevu.

Mwaka juzi kiharusi kikampiga upande wa kulia. Mama aliponipigia simu hakulalamikia mguu wala ulimi, maana hivyo vilikuwa vinarudi taratibu. Alilalamikia ndevu. Zilikuwa zimemjaa baba usoni, nyeupe, na wageni wa kanisani walipokuja kumwombea alitaka waambiwe amelala. Kinyozi wa senta, pale penye maduka, aliletwa akafukuzwa. Mama alisema mzee ameanza kujificha, na mtu anayejificha hali vizuri.

Nikapakia vifaa vyangu kwenye mfuko, nikapanda boda kutoka Tororo. Nilimkuta amekaa nyuma ya nyumba, uso kaugeuzia ukuta. Nikamwamkia, nikaweka maji ya moto kwenye stuli, nikapanga brashi, sabuni na wembe. Aliviangalia kwa muda mrefu.

"Wewe nataka kunizika," akasema kwa Kiswahili chake cha kambini, "na mimi bado iko?"

Kwetu, mtoto wa kiume humnyoa baba yake mara moja tu, siku ya kumwosha kabla ya kumtia kwenye jeneza. Yeye mwenyewe alimnyoa babu hivyo. Desturi hiyo niliijua, lakini nilidhani ugonjwa ungeilegeza, kwamba mgonjwa ni mgonjwa. Kumbe machoni pake nilikuwa nimefika na maji ya maiti. Nilikasirika, nikamwaga yale maji kwenye migomba, nikaingia ndani. Mama akanipa chakula na kuniambia nisimjibu.

Asubuhi nilijinyoa palepale kwenye dirisha la jikoni. Sikuwa na mpango wowote wa kumshawishi, au labda nilikuwa nao. Nilikuwa nanoa wembe niliposikia sauti yake nyuma yangu ikiniambia mshipi umelegea, niukaze. Nikaukaza. Alikuwa amejikokota kwa fimbo mpaka hapo, akakaa kwenye kiti cha mama.

"Nyoa," akasema. "Lakini hii kidevu achia mimi. Ukimaliza yote, umenizika."

Nikampaka povu. Sikuwahi kuugusa uso wa baba yangu tangu nipate akili, na sasa niliushika kwa vidole viwili, nikaivuta ngozi iliyolegea upande ule mbovu, nikasikia pumzi yake mkononi. Alifumba macho. Nilimnyoa mashavu, shingo na juu ya mdomo, kisha nikamtilia kiwembe kipya kwenye kinyoleo, nikamwekea katika mkono wa kushoto, nikamshikia kioo. Mkono huo haukuizoea kazi hiyo. Alijikata, akaacha vishungi hapa na pale, na mimi nilitamani kumnyang'anya, lakini nilishika kioo tu. Alipomaliza alijipapasa kidevu na kuagiza shati safi. Jumapili hiyo alikwenda kanisani.

Basi ikawa kila Jumamosi niko Kwapa. Hatukuwa watu wa maneno mengi, na hatukuongeza. Alinikosoa povu, nikamkosoa jinsi anavyoshika kinyoleo, mama akatusikiliza kutoka jikoni. Mashavu yalikuwa laini na kidevu kimejaa mabaka, na hakuna mtu kanisani aliyethubutu kuuliza. Nilikuwa na furaha Jumamosi zile. Sikuwahi kumwambia.

Amefariki msimu huu wa mvua, siku ya Ijumaa, kabla sijafika. Nilikuta maji yameshachemshwa na wazee wa ukoo wameshamwosha. Hakuna aliyeuliza nani atanyoa. Nilikoroga povu kwenye kikombe kilekile, nikakaza mshipi, nikamnyoa mashavu, shingo na juu ya mdomo. Kisha, kwa mazoea, nikatia kiwembe kipya kwenye kinyoleo na kumwekea katika mkono wa kushoto.

Mzee mmoja, mdogo wake baba, akakitoa taratibu kwenye vile vidole na kunirudishia.

Kidevuni palikuwa na mkato mdogo aliojikata Jumamosi iliyopita, bado haujapona. Nikapaka povu upya, nikaukwepa ule mkato, nikamaliza.